Saa ya Fundi Lali

Kwao Irshad, Lamu, mtu akisema jambo lisiloingia akilini hujibiwa, "Hiyo ni saa ya Fundi Lali." Aliyedai ameona nguva hupewa jibu hilo, na aliyeapa kuacha sigara Ramadhani ikiisha, na bwana harusi aliyechelewa akamsingizia punda. Mtaa mzima unalisema neno hilo, hata watoto wasiojua Fundi Lali alikuwa nani.

Irshad anamjua. Fundi Lali alikuwa babu wa baba yake. Ilisemekana aliunda saa ya kabati, ndefu kumpita mtu mzima, iliyojua maji ya bahari yanajaa wakati gani na yanapwa wakati gani. Ndani yake mlikuwa na samaki wa shaba aliyepanda ngazi maji yakijaa na kushuka ngazi maji yakipwa. Tajiri mmoja wa Unguja akaipenda, akaichukua, na habari yake ikaishia hapo. Marehemu baba yake Irshad aliisimulia barazani maisha yake yote. Watu walimwacha afike kwenye samaki, kisha wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Akirudi nyumbani na kuvua kofia alikuwa hasemi na mtu, na Irshad na dada yake Nana walijifunza kutomwuliza kitu mpaka akae sawa.

Mzee amekwisha kufa. Irshad sasa ana mvi, na kazi yake ni kutengeneza saa na samani za kale katika karakana moja ya Al Quoz, mtaa wa maghala na vumbi ambako wageni wa Dubai hawapelekwi kupiga picha. Asubuhi moja vibarua walishusha kabati refu lililozungushiwa mablanketi. Lilitoka katika nyumba ya Wazanzibari wa zamani. Wazee walikuwa wamefariki, watoto wamehamia ghorofani Al Nahda, na dari za huko ni fupi kwa mzigo kama ule.

Irshad akafungua blanketi la juu. Uso wa shaba, tarakimu za Kirumi, mbao nyeusi za mvule. Juu ya uso kulikuwa na tao, na kwenye tao mwezi wa chaza, uliokatwa kwenye kombe lake linalong'aa, ukichungulia nyuma ya bamba. Chini ya mwezi zilichongwa ngazi ndogo. Juu ya ngazi hizo alining'inia samaki wa shaba, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mdomo ameuelekeza juu.

Akakaa sakafuni na mablanketi mapajani, akamtazama yule samaki kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtambua.

"Mzee, uko sawa?" akauliza Wangari. Wangari ni msichana wa Nyeri, anang'arisha shaba na mbao pale karakana, na hajawahi kunyamaza kwa sababu ya heshima tu. "Umeona nyoka ama?"

"Nimemwona babu yangu," Irshad akasema, na Wangari akaenda kumletea maji.

Tatizo lilikuwa Zayd. Zayd ndiye mwenye karakana. Bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo anasema Kiswahili cha jikoni kwa bibi, kizuri kabisa, ila hana subira hata ya kusubiri chai ipoe. Mkahawa mmoja mpya ulikuwa umeagiza saa ya kale ya kupamba mlangoni, na Zayd alikuwa ameshaamua.

"Toa hayo machuma ya ndani, tia mashine ya betri," akasema. "Mbao safi, uso safi, khalas. Mtambo wenyewe mbovu, miaka haujaenda. Utie kwenye chakavu."

"Arbab," Irshad akasema, kwa neno la huko la kumwita bosi, "saa hii ni ya Lamu. Aliiunda babu yetu."

Zayd akacheka, si kwa ubaya. "Fundi Irshad, nakupenda lakini unanichosha. Lamu walichonga milango. Saa za namna hii ni za Waingereza. Walikuwa wakitia mwezi, wakitia meli za kuyumba, wakitia kila upuuzi wa kuchekesha watoto. Huyo samaki ni pambo. Umeona jina la mtu popote?"

Hapakuwa na jina. Irshad alikuwa ameshapekua nyuma ya uso, ndani ya kabati, chini ya miguu. Fundi aliyeunda kitu kile hakuona haja ya kujitaja, na kitukuu wake alimlaumu kimoyomoyo kwa unyenyekevu huo.

"Basi tufanye hivi," Irshad akasema. "Nitauamsha mtambo. Samaki akipanda na maji ya Lamu, utauacha ndani. Asipopanda nitautoa kwa mkono wangu, na hutanisikia tena."

Zayd alimtazama. Labda aliona uso wa mtu anayeomba jambo zito. "Mkahawa wanakuja Alhamisi jioni," akasema. "Mpaka hapo ni wako. Yalla."

Siku zilizofuata Irshad alishinda ndani ya saa ile. Alikosha meno ya magurudumu, akabadilisha kamba zilizooza, akatundika vyuma vya uzani. Akaisimamisha wima kwa pima maji, akaisukuma timazi kwa kidole. Ikabembea. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na hata vibarua wa ghala la jirani waliingia kuuliza ni nini hicho. Irshad alisikiliza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hofu kuliko furaha.

Katikati ya kazi hiyo palitokea jambo lililokaribia kumwua. Nyuma ya mwezi kulikuwa na sahani ya shaba, na ukingo wa sahani hiyo ndio uliomwinua samaki na kumshusha. Ukingo wenyewe haukuwa laini. Ulijaa matuta madogo na mabonde. Irshad alikuwa ameyaona, akasikitika, akadhani babu alikuwa na tupa butu ya kusugulia shaba. Alipogeuka akamkuta Wangari ameishika sahani ile, anaipeleka kwenye mashine ya kung'arishia.

"Wee! Acha!"

"Mzee, umenishtua! Hii kitu imejaa makovu. Nilikuwa naipiga laini kidogo tu."

"Usiiguse. Hata kama ni mbovu, ni mbovu ya kwake."

Wangari akaiweka chini kwa mikono miwili, akaomba msamaha, kisha akaongeza kwamba kwao mtu hafokewi hivyo kwa sababu ya kifuniko cha sufuria.

Jumanne mambo yote yalikuwa tayari. Irshad aliirudisha mishale nyuma kwa saa moja, ili isome saa za nyumbani badala ya saa za Dubai. Wangari aliona, akasogea.

"Kwa hivyo hii inaonyesha Kenya?"

"Inaonyesha Kenya."

Akaitazama kitambo. "Basi mamangu sasa hivi anakamua," akasema, akarudi kwenye kazi yake bila mzaha wowote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Lililobaki lilikuwa mwezi. Ilibidi uzungushwe mpaka ufike kwenye tarehe ya mwezi mwandamo ya siku ile, na samaki angejipanga mwenyewe. Irshad alitazama kalenda ya msikiti aliyoibandika ukutani: mwezi kumi na nne. Akauzungusha mwezi wa chaza, jino baada ya jino, kila jino siku moja, mpaka kumi na nne. Samaki akatikisika, akaanza kupanda ngazi polepole mno, hata ukimkodolea macho humwoni akienda.

Akampigia simu dada yake. Nana bado anakaa katika nyumba ya zamani, na mbele ya nyumba hiyo kuna ngazi za mawe zinazoshuka baharini, zilezile alizozijenga baba yake Fundi Lali, na idadi yake ni sawa na ya zile ndogo za kwenye saa. Irshad hakumweleza mengi. Alimwomba tu ateremke ngazini alasiri, atazame maji.

"Nitazame maji?" Nana akasema. "Umeugua huko?"

"Dada, nakuomba."

Alasiri Nana alikuwa ngazini, na Irshad mbele ya saa, simu sikioni. Samaki alipanda, akapanda, kisha akatulia kwenye ngazi ya tatu kutoka juu.

"Sasa hivi, dada. Maji yamejaa?"

Upepo ulivuma ndani ya simu. "Hapana, mdogo wangu. Yalijaa, yameshageuka zamani. Yanatoka. Kuna ganda la dafu linakwenda nje hapa mbele yangu. Ngazi ya tatu ina majimaji, lakini maji yenyewe yameshaiacha."

Irshad aliweka paji la uso kwenye mbao za kabati. Babu alikuwa fundi wa pambo. Watu wa baraza walicheka kwa haki yao, na baba yake alikuwa amelinda maisha yake yote kitu ambacho hakikuwa na kweli ndani yake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kuliko saa, kuliko mkahawa.

"Irshadi? Upo?"

"Nipo."

"Mimi nataka kupanda nikatengeneze futari. Miguu inaniuma, na nimefunga."

"Umefunga nini leo?" akauliza, ili asiseme lililokuwa moyoni.

"Siku nyeupe, kama kila mwezi. Leo ndiyo ya kwanza."

Kila Mwislamu wa pwani anajua siku nyeupe: hufungwa mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, mwezi unapokuwa mpevu. Irshad akainua kichwa taratibu.

"Ya kwanza leo? Kwenu leo mwezi ngapi?"

"Kumi na tatu. Kwani kwenu ngapi? Ah, nyinyi!" Nana akacheka. "Nyinyi mwezi wenu wa kutangaziwa redioni. Sisi tulipandisha watu juu ya paa wakauona kwa macho, siku moja nyuma yenu. Mwaka mzima tunasutana kwa hilo na wewe leo umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amezoea tu. Miaka yote aliyokaa Dubai alikuwa akifunga na kufungua na watu wa Dubai, na kila Idi alimpigia Nana simu akiwa ameshashiba pilau, huku wenzake wa Lamu bado wanasubiri mwezi. Walitaniana, yakapita. Lakini Fundi Lali hakuwa na redio wala kalenda ya ukutani. Mwezi wake ulianza usiku ambao jicho la Lamu liliuona, haukuanza kabla, na saa yake ilihesabu kutoka hapo. Irshad alikuwa amempa babu yake tarehe ya ugenini, kisha akamlaumu kwa kukosea.

"Dada," akasema. "Kesho. Tafadhali, kesho tena."

Alipokata simu, akaurudisha mwezi wa chaza jino moja.

Siku ya pili yake Zayd alikuwepo. Alisema alikuja kwa shughuli nyingine, lakini alivuta kiti akakaa mbele ya saa na kikombe chake, akatuliza magoti ambayo kwa kawaida hayatulii. Wangari alizima mashine yake. Nje, gari la kuinulia mizigo lilikuwa likilia bipu bipu kama kawaida ya Al Quoz, na joto lilibisha hodi kwenye bati.

Irshad aliweka simu juu ya meza, akafungua sauti wote wasikie.

"Dada, upo ngazini?"

"Nipo. Na majirani wapo, wamekuja kuona mwendawazimu anayetazama maji."

"Usiniambie kitu mpaka nikuulize."

Samaki alikuwa anapanda. Ukifumba macho kidogo ukafumbua, alikuwa amesogea upana wa unywele. Alipita ngazi ya chini, akapita ya kati. Zayd aliacha kunywa chai, na ikapoa mkononi mwake. Timazi ilibembea ndani ya kabati kwa sauti yake nzito, na Irshad alihisi kwamba chumba kizima kinapumua kwa mwendo wake. Samaki aliugusa ukingo wa ngazi ya tatu kutoka juu, akauvuka kidogo tu, akasimama.

Irshad hakuuliza. Ikawa Nana ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwa sauti ndogo ambayo Irshad hakuwahi kuisikia kwake, na kwa Kiamu cha utotoni mwao:

"Mai yameyaa, Irshadi. Yamesimama."

"Ngazi ya ngapi?"

"Ya tatu kutoka juu. Yameifunika, yamepita kidogo. Hayaendi mbele wala nyuma. Ganda la dafu limesimama hapa limetulia tuli."

Wangari alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Woi! Woi, Mungu wangu," akasema. "Na huyu samaki yuko Dubai!"

Sitadai kwamba mambo yale yalilingana kwa dakika. Saa za kisasa zina kiburi chao, na huenda zingepata pa kusahihisha. Ila waliokuwapo hawakuwa na haja ya dakika. Waliona kipande cha shaba kilichofungiwa miaka mingi kwenye sebule za watu, kikavushwa Unguja, kikavushwa Dubai, kikazikwa chini ya mablanketi, na bado kinajua maji ya mbele ya mlango mmoja wa Lamu yamefika wapi.

Zayd alinyanyuka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia tao. "Alijuaje?" akauliza. Hakuwa anabisha tena. "Fundi, huyu mtu alijuaje?"

Irshad alifungua ubavu wa kabati, akaelekeza taa nyuma ya mwezi. Ukingo wa sahani ya shaba ukang'aa, na matuta yake yote yakaonekana, moja kubwa, moja dogo, moja limekatwa kidogo upande, yakizunguka sahani nzima. Hapo ndipo na yeye alipoelewa.

"Alikaa ngazini," akasema. "Alikaa na tupa yake na sahani hii mapajani. Maji yakijaa anatazama yamefika wapi, anakwangua kidogo. Kesho yake anarudi, anakwangua tena. Kila tuta ni siku. Mvua inanyesha, yuko pale. Watu wanapita wanamcheka, yuko pale. Sikujua. Nilisema ana tupa butu."

Wangari alisogea akatazama. "Na mimi nilitaka kuipiga laini," akasema kwa sauti ya chini.

Irshad alikuwa analia, na hakujificha. Alilia kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mvuani na mwingine aliyevua kofia akanyamaza. Zayd alimwekea mkono begani, akauacha hapo, kisha akatoa simu yake akatoka nje. Kupitia mlango wa bati walimsikia akisema kwa Kiarabu, kwa subira isiyo yake, kwamba saa ya betri wataletewa nyingine, nzuri tu, ila hii ina mtambo wake na mtambo wake hautoki. Aliporudi hakulizungumzia. Aliuliza tu kama inawezekana kumfundisha samaki maji ya Dubai.

"Hapana, arbab. Huyu ana bahari moja."

"Khalas," Zayd akasema. "Basi abaki nayo."

Simu ilikuwa bado iko wazi juu ya meza. Kwa mbali zilisikika sauti za majirani wa Nana, watu wazima, watoto wa watu waliokuwa wakikaa barazani na baba yake Nana, wote wanaulizana kwa pamoja kilichotokea. Kisha Nana akarudi kwenye simu, na alikuwa anavuta makamasi.

"Irshadi. Kuna mzee Bakari hapa hasadiki. Anasema umebahatisha. Anataka umwambie kesho maji yatafika ngazi ya ngapi."

Irshad akafuta macho kwa mkono wa shati. Aliushika mwezi wa chaza, akausogeza mbele jino moja kwa hisani ya mzee Bakari, na wote watatu wakainama kumtazama samaki. Samaki akatikisika, akapanda, akapita ngazi ya tatu, akaigusa ya pili.

"Mwambie ya pili kutoka juu," akasema. "Na mwambie hiyo ni saa ya Fundi Lali."